Habari ya mwanablogu inapoingia gazetini

Mjadala kuhusu wanablogu wa mitaa na vyombo vya habari vilivyozoeleka, yaani magazeti, redio na televisheni, mara nyingi huendeshwa kama ugomvi juu ya nani anastahili kuitwa mwandishi. Nimekuwa mhariri, na sasa nafundisha waandishi wa pande zote mbili. Kwa maoni yangu ugomvi huo unafunika swali lenye uzito zaidi: habari iliyoibuliwa na mwanablogu inapoingia gazetini, nani anatajwa, na msomaji anaelekezwa wapi? Ushirikiano niliouona ukidumu ni ule uliolijibu swali hilo mapema, kabla hata ya kuzungumzia fedha.

Mwanablogu ninayemzungumzia si mchambuzi wa siasa za taifa. Ni yule anayekaa hadi mwisho wa kikao cha halmashauri ambacho gazeti halitumi tena ripota, anayejua ni lini mkandarasi aliahidi kumaliza barabara na ameahirisha mara ngapi, na ambaye majirani humpigia simu kabla hawajafikiria kuipigia redio. Nguvu yake ni kufuatilia jambo moja kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni upweke wa kazi, kwa kuwa hana mhariri wa pili wa kumuuliza “umethibitishaje?”, hana mwanasheria, na akiugua, mtaa mzima hukosa taarifa.

Mfano ninaourejea sana darasani ni wa jiji la Seattle nchini Marekani. West Seattle Blog ilianzishwa mwaka 2005 na wakazi wa eneo hilo, na dhoruba kali ya upepo ya Desemba 2006 ilipokata umeme, watu waligundua kuwa taarifa za mtaa wao wenyewe, ambazo chombo kikubwa kinachohudumia jimbo zima kisingeweza kuzikusanya, zilikuwa zinapatikana pale. Baada ya hapo waanzilishi waliifanya blogu hiyo kuwa kazi yao ya kudumu. Machi 2009 gazeti la Seattle Post-Intelligencer liliacha kuchapishwa kwenye karatasi, na Seattle Times likabaki na jiji kubwa kuliko uwezo wa maripota wake. Mwaka huohuo liliingia katika mradi wa majaribio ulioratibiwa na J-Lab, taasisi ya uandishi wa habari, ambao uliyahusisha pia magazeti kama Miami Herald na Charlotte Observer, na likaanza kushirikiana na blogu za mitaa. Mwanzoni blogu hizo zilikuwa chache, kisha zikafika makumi, West Seattle Blog ikiwa mojawapo.

Kilichoufanya mpango huo ufae, kwa jinsi ninavyouelewa, ni kwamba ulikuwa wa kiasi. Gazeti halikuzinunua blogu wala halikuzihariri. Liliweka vichwa vya habari vyao kwenye tovuti yake pamoja na viungo vilivyompeleka msomaji kwenye blogu yenyewe, na kila upande ukabaki mwenye kazi yake, wasomaji wake na watangazaji wake. Wahariri wengi hukichukulia kiungo kama adabu tu, jambo la hiari ambalo mtu hulikumbuka akipata nafasi. Kwa mwanablogu kiungo ni malipo, tena mara nyingi ndiyo malipo pekee atakayopata. Msomaji anayefika kwenye ukurasa wake huenda akarudi kesho na kumletea fununu mpya, mtangazaji mdogo anayelipia nafasi pale hulipa kwa sababu ya msomaji huyo, na mitambo ya utafutaji huipandisha juu tovuti inayounganishwa na tovuti zinazoaminika. Gazeti linaloandika “kwa mujibu wa blogu moja” bila jina na bila kiungo limechukua habari pamoja na riziki ya aliyeitafuta.

Vyombo vikubwa vimejaribu pia njia nyingine, ya kuanzisha blogu za mitaa vyenyewe. New York Times lilifungua The Local mwaka 2009 katika vitongoji vya Brooklyn na New Jersey. Mwaka uliofuata upande wa New Jersey uliachiwa Baristanet, blogu ya wenyeji iliyokuwapo tangu 2004. Guardian la Uingereza liliweka wanablogu wake katika miji ya Leeds, Cardiff na Edinburgh mwaka 2010 na kusitisha mpango mwaka 2011. Kampuni ya intaneti ya AOL ilinunua Patch, mtandao wa tovuti za habari za mitaa, mwaka 2009, ikaikuza hadi tovuti takriban 900, kisha ikaiachia kampuni nyingine sehemu kubwa ya umiliki mwanzoni mwa 2014. Sidharau juhudi hizo, maana zilikuwa na waandishi hodari. Ila gharama za makao makuu haziwezi kubebwa na mapato ya mtaa mmoja, na mwajiriwa anayeweza kuhamishwa hajengi imani sawa na ya mkazi atakayekutana na wasomaji wake kesho asubuhi.

Kutaja chanzo nako hakukuja kwa urahisi. Mwaka 2008 shirika la habari la Associated Press liliitaka tovuti ya Drudge Retort iondoe dondoo fupi za habari zake, jambo lililowaudhi wanablogu wengi hadi baadhi wakaitisha mgomo dhidi ya shirika hilo. Mwaka 2010 shirika hilohilo liliwaagiza waandishi wake wawataje wengine waliotangulia kuibua habari, wanablogu wakiwemo. Nauona mwelekeo huo kuwa sahihi, kwa sababu haki ya kudai dondoo zako zitumiwe kwa kiasi inaambatana na wajibu wa kukiri ulikozipata habari zako.

Wajibu huo unawahusu wanablogu vilevile, na kwao mimi huwa mkali. Wapo wanaonakili makala nzima ya gazeti, wakabadilisha kichwa cha habari na kuweka kiungo chini kabisa ambako hakuna anayefika. Ripota aliyesoma nyaraka za mahakama kwa majuma kadhaa anaumia kama mwanablogu anavyoumia. Nafundisha kanuni nyepesi: nukuu sehemu unayoihitaji ili kuongeza jambo lako, mtaje mwandishi katika aya ya kwanza, na kama huna la kuongeza, weka kiungo tu na umwache msomaji aende.

Hasara ya kutosikilizana inaweza kuwa kubwa kuliko kipato. Mjini London kikundi cha wakazi kiitwacho Grenfell Action Group kiliandika kwenye blogu yake kwa miaka kuhusu usalama wa moto katika makazi yao. Novemba 2016 kilionya kwamba huenda ni janga lenye vifo tu litakalofichua hali hiyo. Jengo la Grenfell Tower liliungua tarehe 14 Juni 2017, na watu 72 walikufa. Kamera zilifika zikiwa nyingi, na ndipo blogu ile ikasomwa duniani kote. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ukurasa wa gazeti ungewaokoa watu hao. Ninachosema ni kwamba maswali yalikuwa yameandikwa tayari, yana tarehe, na ripota yeyote angeweza kuanza nayo.

Hapo ndipo chombo kikubwa kina kitu ambacho mwanablogu hawezi kujipatia. Januari 2014 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua, katika kesi ya Obsidian Finance Group, kwamba katika mashauri ya kashfa mwanablogu ana ulinzi uleule wa kikatiba alionao mwandishi wa chombo cha habari. Uamuzi huo ni muhimu, lakini haki iliyoandikwa haimlipi wakili, na barua moja ya vitisho kutoka kwa kampuni tajiri inaweza kumfanya mtu anayeandika usiku baada ya kazi yake afute kila kitu. Gazeti likishika habari hiyo, likaithibitisha upya kwa maripota wake na kuichapisha kwa jina lake huku likimtaja aliyeanza, mwenye kutisha analazimika kupambana na wawili.

Nasisitiza neno kuthibitisha upya, kwa sababu kumtaja mwanablogu si ruhusa ya kumtwika lawama. Vyumba vya habari ninavyovishauri huweka makubaliano mafupi ya maandishi: picha haitumiki bila idhini, kiungo huwekwa katika aya za mwanzo, kila upande huthibitisha wenyewe, na kosa likigundulika pande zote mbili husahihisha siku hiyohiyo, kila moja kwenye ukurasa wake. Pia humteua mhariri mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye simu yake mwanablogu anayo, na ambaye hupokea hata saa ambazo gazeti limeshakwenda mitamboni.