Picha Zimefutika? Iache Kompyuta Itulie Kwanza

Mtu akigundua kwamba amefuta folda nzima ya picha za harusi, za watoto au za mzazi aliyekwisha kufariki, hushikwa na kiherehere. Hupakua programu ya kwanza anayokutana nayo mtandaoni, huisakinisha, akiona haikusaidia huleta nyingine. Katika kitengo chetu cha TEHAMA tunaletewa kompyuta ambazo picha zake zilikuwa bado zipo baada ya kufutwa, zikaja kuangamia saa zilizofuata, kwa sababu ya jitihada hizo hizo za kuziokoa. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauhusu programu yoyote. Ondoa mikono kwenye kibodi.

Diski ina daftari linaloonyesha kila faili linaitwaje na limekaa wapi. Kompyuta nyingi zinazotumia Windows hupanga diski zake kwa mfumo wa NTFS, na daftari la mfumo huo linajulikana kama MFT. Unapofuta picha, kompyuta haihangaiki kuikwangua picha yenyewe. Inatia alama tu daftarini kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Kwenye kadi za kamera zinazotumia mfumo wa FAT mambo hayatofautiani sana: herufi ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa kuwa alama maalumu, na nafasi yake huandikwa kuwa iko wazi. Picha hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kikishaandikwa hapana programu wala fundi atakayeirudisha.

Tatizo ni kwamba kompyuta huandika muda wote, hata ukiwa umekaa tu unaitazama. Kivinjari kinahifadhi vipande vya kurasa ulizofungua. Windows inapakua masasisho. Ukisakinisha programu ya kuokoa picha kwenye diski ile ile iliyopoteza picha, huenda ukaiweka juu ya picha hizo hasa unazozitafuta.

Baada ya kutulia, tazama kwanza pipa la taka. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huwa humo, na ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya ukachagua kurejesha, linarudi lilikotoka. Ila picha zilizofutwa kwa Shift na Delete kwa pamoja hazipiti pipani, na zilizofutwa kutoka kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu kwa kawaida hazipiti pia.

Kisha chukua simu, au kompyuta nyingine, uingie kwenye akaunti zako za hifadhi ya mtandaoni. Watu wengi wana picha zao huko bila kukumbuka kwamba waliruhusu zihifadhiwe. Ni kweli kwamba folda iliyounganishwa na hifadhi hiyo ikifutwa kwenye kompyuta hufutika na huko pia, lakini huko kuna pipa lake. OneDrive ya akaunti binafsi hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. Google Photos hutunza picha zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti kwa siku 60, na iCloud huziweka katika albamu ya zilizofutwa karibuni kwa takriban siku 30. Hesabu siku zako mapema, maana muda huo ukipita zinaondoka moja kwa moja. Waulize pia ndugu na marafiki uliowahi kuwatumia. Picha iliyopita WhatsApp huwa imepunguzwa ubora, lakini uso wa mtu unaonekana, na hilo si dogo.

Kama hakuna kilichopatikana, jiulize picha zilikuwa kwenye diski ya aina gani. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bure. Diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, pamoja na flashi na kadi nyingi za kumbukumbu, huacha data iliyofutwa ilivyo, kwa hiyo matumaini ni makubwa. Diski za SSD, zisizo na sahani wala kitu kinachozunguka, ambazo ndizo zilizomo katika kompyuta nyingi za siku hizi, ni habari nyingine. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, Windows hupeleka amri iitwayo TRIM, inayoiarifu SSD kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, nayo SSD huisafisha yenyewe bila kumngoja mtu. Picha iliyofutwa kwenye SSD ya ndani inaweza kupotea kabisa ndani ya muda mfupi sana. Ukiambiwa na muuza programu kwamba kupatikana ni hakika, usimwamini. Nguvu zako zielekeze kwenye kutafuta nakala.

Kwa diski zenye matumaini, PhotoRec ni programu ya bure na ya kuaminika. Huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na haiandiki chochote kwenye diski inayoichunguza. Haitegemei daftari nililolieleza. Inapekua diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha. Kila picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Ubaya wake ni kwamba majina na folda havirudi, na utakuta maelfu ya mafaili yenye majina ya namba. Usikate tamaa, kwa kuwa tarehe ya kupigwa mara nyingi imo ndani ya picha yenyewe, hivyo unaweza kuzipanga kwa tarehe hiyo. Yale yanayoanza na herufi t ni vijipicha vidogo tu. Microsoft nayo ina Windows File Recovery, ya bure, iliyotoka mwaka 2020. Inaendeshwa kwa kuandika amri, jambo linalowatisha wengi, lakini inaweza kurejesha hata majina ikiwa daftari la diski bado lina kumbukumbu zake.

Njia salama zaidi ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, kisha kuipekua kutoka huko. Vyovyote utakavyofanya, picha zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski tofauti. Hilo halina mjadala.

Kama programu ni ya kulipia, ipe kwanza kazi ya kuonyesha picha ilizozipata, uzifungue uzione, ndipo ulipe. Jina la faili peke yake si ushahidi kwamba picha ni nzima. Programu za kulipia zinazosambazwa bure kwa njia za wizi ziepuke kabisa, kwani nyingi hubeba virusi. Na diski ikiwa inagonga au kukwaruza, zima umeme papo hapo umpelekee mtaalamu wa kuokoa data, kwa sababu kila mzunguko wa ziada unaweza kuichana sahani.

Zikisharudi, fungua kila picha kwa ukubwa wake kamili. Nyingine zitakuwa nusu, upande wa juu mzima na wa chini kijivu, kwa kuwa faili lilikuwa limetawanyika au sehemu yake imeandikwa juu. Weka nakala mbili za zilizo nzima, moja ikae nje ya kompyuta hiyo, na diski iliyopoteza picha usiirudishe kazini kabla hujamaliza ukaguzi huo.