Kihamba ni nini, na kwa nini kinatajwa kila penye habari za tabianchi

Ukipanda daladala kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu, kuna mahali hewa hubadilika ghafla. Jua lililokuwa likichoma stendi linapoa, barabara inaingia chini ya miti, na kushoto na kulia ni migomba. Ukitazama vizuri, chini ya migomba kuna mibuni, na nyuma ya mibuni paa la nyumba. Mgeni hudhani ameingia msituni, kumbe yumo kwenye vihamba vya watu.

Kihamba, kwa maana yake ya kwanza, ni ardhi ya ukoo: mtu anaishi hapo, analima hapo, na akifa anazikwa hapo. Ndiyo maana Mchagga hachanganyi kihamba na shamba. Shamba liko chini tambarare, la mahindi na maharage, linalimwa msimu kwa msimu na linaweza kukodishwa bila mtu kuulizwa. Kihamba kiko mlimani Kilimanjaro, takribani kati ya mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kinarithiwa, mipaka yake ni mimea iitwayo masale, na anayetaka kukiuza kwa mtu asiye wa ukoo ajiandae kwa kikao cha wazee. (Sale ndilo jani lile lile analobeba mkosaji anapokwenda kuomba msamaha. Mpaka na amani vimefungwa kwa jani moja.)

Maana ya pili ndiyo inayowavuta wataalamu wa mazingira. Kihamba ni namna ya kuweka miti, mazao na mifugo pamoja katika eneo dogo, kwa tabaka. Kitaalamu huitwa kilimo mseto, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Tuzitazame tabaka zenyewe, maana hapo ndipo siri ilipo. Juu kabisa kuna miti mirefu: mfuruanje, mringaringa, msesewe, na siku hizi mgrivea uliotoka Australia. Chini yake ni migomba, pamoja na miparachichi. Chini ya migomba ni mibuni. Chini ya mibuni kuna magimbi, viazi vikuu, maharage, mboga na majani ya ng'ombe. Pembeni kuna zizi, na ng'ombe hatoki kwenda malishoni; analetewa majani na vipande vya mgomba, naye anarudisha samadi. Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba vya Kilimanjaro walipata zaidi ya aina 500, na mingi kati ya hiyo haikupandwa na mtu. Imeota yenyewe ikaachwa, kwa sababu mwenye kihamba anajua huu ni dawa ya tumbo, ule unafaa mbuzi, na ule magome yake yanaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kila tabaka ina kazi. Mfuruanje ni jamii ya mikunde, kwa hiyo mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Majani yanayodondoka hugeuka matandazo, udongo haukauki upesi na mvua ya masika haiupigi moja kwa moja. Mizizi mirefu ya miti hushika mteremko, mizizi mifupi ya mgomba hushika udongo wa juu. Mbuni wetu wa arabika, ambao ulianza kupandwa na wamisionari huku Kilema mwishoni mwa karne ya 19, hupenda ubaridi. Joto likizidi, kahawa huiva haraka mno na punje hupungua ubora. Chini ya kivuli, mchana wa Februari unavumilika.

Sasa tufike kwenye maneno mawili ambayo hutumika kama kitu kimoja, nayo si kitu kimoja. Kupunguza mabadiliko ya tabianchi ni kuzuia hewa ya ukaa isizidi angani. Miti ya kihamba hushiriki kwa kuihifadhi kwenye shina, mizizi na udongo. Kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni kupanga maisha ili mvua ikichelewa, au ikinyesha yote kwa wiki moja, familia iendelee kupata chakula. Kihamba hufanya yote mawili, lakini kwa mkulima la pili ndilo lenye uzito. Kahawa ikishindwa, kuna ndizi. Ndizi zikipigwa na upepo, kuna magimbi ardhini na maziwa zizini. Mwenye ekari moja ya mahindi peke yake hana pa kugeukia vuli inapokosekana.

Kuna jambo moja linanisumbua kila mlima wetu unapozungumzwa. Picha inayooneshwa ni ya barafu ya kilele cha Kibo, na ni kweli imepungua mno: kati ya mwaka 1912 na 2011 ilipotea asilimia 85 ya eneo lake. Inaumiza kuitazama. Lakini maji yanayoshuka kwenye mito na mifongo yetu, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia, hayategemei sana barafu ile. Yanategemea mvua na ukungu wa msituni. Kwenye msitu ulio juu ya vijiji vya kusini mwa mlima mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini haifiki nusu yake. Msitu hupokea maji hayo na kuyaachia polepole, na vihamba vilivyo chini yake huendeleza kazi hiyo. Maji hayo hayo ndiyo yanayokwenda mashamba ya miwa ya Arusha Chini na bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo anayekata mti wa kihamba chake Uru anamgusa mtu ambaye hatamwona kamwe.

Na miti imekatwa. Sipendi lawama zote zinapotupiwa tabianchi, kwa sababu sababu nyingine tulizishuhudia kwa macho. Makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na watu waliokuwa wakisomesha watoto kwa kahawa tangu enzi za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, wakabaki na mibuni mizee isiyolipa. Wengine waliing'oa wakapanda mboga, na mboga zinataka jua, basi miti ikaenda. Mti mwingine uliuzwa mbao kulipa ada. Halafu kuna mgawanyo: kihamba cha babu kiligawiwa wana watano, kila mmoja akajenga, na penye nyumba tano na zege la uwanjani hapabaki nafasi ya mringaringa. Vijana wako Dar na Arusha, wanarudi Desemba. Kihamba hakipogolewi kwa Krismasi peke yake.

Hapo ndipo neno urejeshaji linapoingia, nalo linaeleweka vibaya. Kurejesha ikolojia si kupanda miche mingi siku ya sherehe. Ni kurudisha kazi ambazo mfumo ulikuwa ukifanya: kivuli, matandazo, maji kuzama badala ya kukimbia, na wadudu na ndege kurudi. Mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi unahesabika kuwa mti, lakini unakunywa maji mengi na chini yake hakioti kitu cha maana. Msesewe kando ya maji hayo hayo ni habari nyingine. Wazee waliuacha pale kwa makusudi.

Wala kivuli kizito si lazima kiwe kizuri. Kihamba kilichofunga kabisa huwa na unyevu, na unyevu wenye ubaridi hualika chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo kupogoa matawi, kupunguza migomba kwenye shina na kuondoa maotea ya mibuni ni sehemu ya urejeshaji sawa na kupanda. Aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zipo. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu, imezalisha na kusambaza miche yake. Lakini mche bora kwenye udongo mtupu, juani, bila samadi, hautampa mkulima alichotarajia.

Kwa mwenye kihamba kilichobaki peupe, mpangilio unaofanya kazi huanzia chini, kabla ya miti. Kwanza makingamaji yanayokatiza mteremko, na kingo zake zipandwe majani ya ng'ombe ili zisibomoke. Migomba ifuate na mvua za masika, kwa sababu ndiyo hutoa kivuli upesi na mabua yake hutandazwa papo hapo. Miche ya mibuni iingie migomba ikishasimama. Miti ipandwe kwa kuchanganya: mgrivea hukua haraka na baada ya miaka michache matawi yake ni kuni, mringaringa na mfuruanje huchukua muda mrefu zaidi. Wakati mgrivea wa kwanza unafaa kukatwa, mringaringa ulio pembeni yake utakuwa umeshafika juu ya migomba, na kivuli hakikatiki.