Withdraw: kitenzi kimoja cha Kiingereza na mtego wa "kutoa"

Chukua sentensi fupi ya hadithi: "She withdrew her hand." Mwanamke amenyoosha mkono, mwenzake hakuupokea, akaurudisha. Ukifungua kamusi kutafuta "withdraw", "toa" haitakuwa mbali. Sasa andika "akatoa mkono wake" uone: msomaji wa Kiswahili anauona mkono ukienda mbele, tayari kusalimia. Hadithi imegeuka kichwa chini. Kiswahili chake ni "akaurudisha mkono" au "akauvuta mkono".

Neno lenyewe linajieleza ukilivunja. "Draw" ni kuvuta. "With" leo ni "pamoja na", lakini zamani ilibeba maana ya kupinga au kurudi nyuma, na bado iko hivyo ndani ya "withhold", kuzuia kitu kisitoke, na "withstand", kustahimili. Basi "withdraw" ni kuvuta kitu kirudi upande wako. "Kutoa" kwetu ni kukifanya kitu kiwe nje, na kikishatoka mara nyingi kinamwendea mtu mwingine.

Kwenye pesa hakuna tatizo. Fedha zilikuwa ndani ya akaunti, umezitoa. Kinyume chake ni kuweka. Taja tu zilikotoka, maana "nimetoa pesa" peke yake inaweza kusikika kama umechanga.

Ukitoka kwenye pesa, mtego unafyatuka. Kutoa kauli ni kuisema. Anayefanya "withdraw" anafuta kauli. Kutoa malalamiko ni kulalamika, huyu anayaondoa. Kutoa msaada ni kusaidia, huyu anausitisha.

Mahali ninapopaogopa zaidi ni kwenye fomu za utafiti wa tiba. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la Shirikisho la Madaktari Duniani, linampa mtu anayefanyiwa utafiti haki ya kubadili uamuzi wake wakati wowote, na fomu za Kiingereza husema: "You may withdraw your consent at any time." Mfasiri mwenye haraka akiandika "Unaweza kutoa ridhaa yako wakati wowote", amemwambia mgonjwa kwamba anaweza kukubali wakati wowote. Haki ya kukataa imefutika, na hakuna atakayegundua kwa sababu sentensi ni Kiswahili safi. Iandikwe "kuondoa ridhaa", na mimi ningeongeza kabisa: "yaani unaweza kuacha kushiriki hata kama ulikwisha kubali."

Kitenzi hiki pia husimama bila kitu cha kuvutwa: "She withdrew from the race." Hapo anayevuta na anayevutwa ni mmoja. Kiingereza hakionyeshi hilo, ila Kiswahili kinalo "-ji-" la kulisema wazi: amejitoa, amejiondoa. Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na mkataba wa kutoka kwake uliitwa "Withdrawal Agreement". Angalia tu herufi mbili: kujitoa kwenye kazi ni kuiacha, kujitolea ni kuifanya bila malipo.

Majirani zake wana ladha tofauti. "Retreat" ni kurudi nyuma, na mara nyingi kuna kinachokusukuma: jeshi la Napoleon lilipotoka Moscow mwaka 1812 likiwa na njaa na baridi, hiyo ni "retreat". "Withdraw" inaweza kuwa uamuzi uliopangwa mezani. "Pull out" ni namna ya mazungumzo ya kusema kujitoa. "Back out" ina lawama ndani yake, kwa kuwa mtu alishaahidi kisha akaghairi. "Retract" huhusu zaidi maneno, ingawa hata paka hufanya hivyo kwa kucha zake. "Recede" ni ya maji na vitu visivyo na nia. Bahari haijitoi, hupwa.

"Retire" sasa ni kustaafu, lakini zamani ilitumika sana kwa mtu anayeondoka sebuleni kwenda kulala. Nayo ilitoka Kifaransa, kwenye kitenzi cha kuvuta. Kwa kiongozi anayeachia madaraka kwa hiari tuna neno letu zuri, kung'atuka, lililoenea Nyerere alipoachia urais mwaka 1985.

Nomino "withdrawal" ina chumba kingine kigumu: hali inayompata mtu wa dawa za kulevya anapozikosa, jasho, maumivu ya mwili, kutolala. Vitabu huandika "dalili za kuacha dawa". Wenyewe wanaoipitia huiita arosto, na anayezungumza nao atumie neno hilo.

Kisha "withdrawn", sifa ya mtu. Usikimbilie "mpole" wala "mwenye haya". Mpole anaweza kuwa katikati ya watu na akafurahi. Mtoto aliyekuwa akicheza, kisha akaanza kukaa pembeni, anajibu kwa neno moja, haangalii watu usoni: huyo amejitenga, amejifungia ndani ya nafsi yake.