Kidonda cha tumbo kimefika tabaka gani?

Tishu na ogani zinatofautianaje?
Tishu ni seli zinazofanana, zilizokaa pamoja kwa kazi moja. Tishu za aina mbalimbali zikiungana kwa kazi kubwa zaidi, tunapata ogani. Mwili mzima una aina kuu nne tu za tishu: tishu funika, tishu unganishi, misuli na neva. Mfuko wa tumbo unazo zote nne.

Zimepangwaje humo?
Aliyewahi kuparua utumbo wa ng'ombe kabla ya kuupika ameshazigusa: utelezi juu, nyama ngumu chini. Ndani kabisa ipo tishu funika, inayotoa ute na asidi. Seli zake za juu huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Chini yake ni tishu unganishi yenye mishipa ya damu, kisha misuli ya matabaka matatu: mmoja umezunguka, mwingine umelala wima, wa tatu mshazari. Ndiyo maana tumbo hukikanda chakula, halikisukumi tu. Neva zimepenya kote.

Mbona asidi hailili tumbo lenyewe?
Ute hulikinga. Kinga hiyo huharibiwa hasa na bakteria *Helicobacter pylori*, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zikitumiwa ovyo. Pilipili inasingiziwa, huwasha, lakini haitoboi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo.

Kwa nini mmoja anaungua tu, mwingine anatapika damu?
Inategemea kina. Mchubuko wa tabaka la juu hujifunika upesi. Kidonda kikishuka kwenye tishu unganishi, hukuta mishipa ya damu: mtu hutapika damu, au kinyesi huwa cheusi kama lami. Kikipenya misuli yote, tumbo limetoboka. Maumivu huja ghafla, makali, na tumbo hukakamaa kama ubao. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, si maziwa wala mwarobaini.

Nimeandikiwa antibiotiki za siku 14, maumivu yameisha siku ya tano. Niache?
Usiache. Maumivu hupoa mapema kwa sababu dawa ulizopewa pamoja nazo zimepunguza asidi. Bakteria bado wamejificha ndani ya ute.