Mchezo haukuchezewa: hasara ya kubeti inatoka wapi na inaishia kwa nani

Tangu kubeti kuhamie kwenye simu, malalamiko yanayofika kwa wasimamizi wa michezo ya kubahatisha yameongezeka, na mengi yanasema jambo moja: mchezo umechezewa, yaani kuna aliyeyapanga matokeo. Mlalamikaji anaambatanisha historia ya akaunti yake, anaonyesha miezi ya kuliwa pesa mfululizo, anaomba kampuni ichunguzwe. Mfumo unakaguliwa, na mara nyingi jibu linarudi lile lile: mchezo ulifanya kazi kama ulivyosajiliwa. Jibu hilo halimridhishi mtu, na tunaelewa. Lakini ndilo linalotakiwa kueleweka kabla ya mengine yote, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ya kamari iliyohalalishwa inatoka kwenye michezo halali, iliyopimwa, inayolipa washindi wake kwa wakati.

Leseni inathibitisha mambo machache: mmiliki anajulikana, mfumo wa namba za bahati unaotoa matokeo umepimwa, watoto wanatakiwa kuzuiwa, na ukishinda utalipwa. Haijawahi kuthibitisha kwamba utashinda. Makala haya hayapingi biashara yenye kibali wala hayamhukumu anayebeti kwa kiasi. Yanaeleza gharama, na nani anazibeba.

Hesabu iliyo ndani ya mkeka

Odi ni namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo ukishinda. Chukua mechi moja: nyumbani odi 2.10, sare 3.30, ugenini 3.40. Gawanya 1 kwa kila odi. Utapata 0.476, 0.303 na 0.294, jumla 1.073. Kama kampuni isingejiwekea kitu, jumla ingekuwa 1 kamili. Hiyo 0.073 inayozidi ndiyo makato yake. Maana yake, katika kila 100 zinazowekwa, kwa wastani 93 zinarudi kwa wachezaji na karibu 7 zinabaki. Kwa mechi moja si mengi. Kwenye mkeka, yaani tiketi moja ya mechi kadhaa ambazo zote lazima zitokee ulivyotabiri, makato hayo yanajizidisha: mechi 10 za aina hiyo, na wachezaji kwa jumla wanarudishiwa chini kidogo ya nusu ya walichoweka.

Sasa tazama mkeka wa mechi 10, kila moja odi 1.50, zile ambazo watu huziita za uhakika. Malipo ni zaidi ya mara 57 ya dau. Ukiondoa makato yale yale, kila timu ina nafasi ya takriban 62% ya kushinda, na zote 10 kutiki, yaani kushinda, kwa pamoja ni takriban mara moja katika mikeka 117. Nafasi ya kutiki 9 na mkeka kuchanika, yaani kupotea, kwa moja tu ni kubwa zaidi: takriban mara moja katika mikeka 19. Kwa hiyo kwa kila mkeka unaotiki kuna kama 6 inayochanika kwa timu moja. Hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Mtu amechaniwa na timu moja kwa mara ya tatu na ana hakika kuna mkono wa mtu. Hakuna. Ni hesabu, na kwa anayebeti kila siku ingekuwa ajabu isitokee.

Mashine za sloti, zile za kuzungusha picha na kulipwa zikipangana, zina mtego mwingine. Zimeandikwa kwamba zinarudisha 96%, na watu husoma kwamba ukiingia na 500 utatoka na 480. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa kila mzunguko. Mzunguko mmoja kila sekunde 3 ni mizunguko 1,200 kwa saa. Kwa dau la 10, umezungusha 12,000, na 4% yake ni 480. Zile 500 ulizoingia nazo, kwa wastani, karibu zote zimeisha ndani ya saa moja kwenye mashine inayorudisha 96%, na mashine haikudanganya mahali popote. Kasi ndiyo inayokula pesa. Ndiyo maana Uingereza mwaka 2021 iliweka kikomo kwamba mzunguko wa sloti za mtandaoni usipungue sekunde 2.5, na miaka miwili kabla ilishusha dau la juu la mashine za kwenye vibanda vya kubeti kutoka pauni 100 hadi pauni 2.

Bonasi nazo zihesabiwe kabla ya kushangiliwa. Bonasi ya 100 yenye sharti la kuizungusha mara 30 inakutaka ubeti jumla ya 3,000 kabla ya kutoa chochote. Kwenye mchezo unaokata 4%, hasara inayotarajiwa ni 120. Umepewa 100 ili upoteze 120. Masharti hayo huwa yameandikwa, na tunapomwuliza mlalamikaji kama aliyasoma, jibu ni hapana karibu kila mara.

Wanaolipa ni wachache, wanaoumia ni wengi

Mtazamo uliozoeleka ni kwamba mapato ya kamari ni senti za watu wengi wanaojiburudisha. Sivyo yanavyokusanywa. Tume ya Tija ya Australia, katika ripoti yake ya mwaka 2010, ilikadiria kwamba watu wenye tatizo la kamari, ambao ni asilimia ndogo sana ya watu wazima, walichangia takriban 40% ya fedha zinazotumika kwenye mashine za kamari. Kwa hiyo tangazo la “cheza kwa kiasi” linamwomba mteja afanye jambo ambalo, wateja wote wakilifanya, biashara yenyewe ingetikisika. Tunalisema hili kwa uangalifu, lakini linapaswa kusemwa.

Kitabibu jambo hili lina mipaka yake. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013 uliuhamishia ugonjwa wa kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani linautambua katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mwongozo wa Marekani unataka dalili 4 kati ya 9 ndani ya miezi 12. Mbili ndizo familia huziona mapema: kurudi kesho yake kufukuzia pesa iliyoliwa jana, na kudanganya kuhusu kiasi. Nyingine ni kuhitaji dau kubwa zaidi ili kusisimka, kukosa utulivu unapojaribu kuacha, kujaribu kuacha ukashindwa, kubeti ili kukimbia huzuni, kuwaza kamari muda wote, kuhatarisha kazi au ndoa, na kutegemea wengine wakuokoe na madeni. Asiyefikisha 4 bado anaweza kuwa anaumia. Kigezo hicho kiliwekwa kwa ajili ya daktari, na nyumba inaweza kuyumba kabla hakijafikiwa.

Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba mtu mmoja mwenye tatizo kubwa huathiri kwa kawaida watu wengine 6: mwenza, watoto, wazazi, rafiki aliyemdhamini. Hawa hawajaweka dau hata mara moja. Ukikagua madeni ya nyumba kama hiyo, mpangilio unafanana. Mikopo midogo ya simu kwa wakopeshaji wengi tofauti, kila mmoja ukilipa uliotangulia. Kodi ya nyumba iliyolipwa nusu. Vitu vilivyouzwa kwa haraka kwa bei ya hasara. Fedha za kikundi au za ofisini “zilizoazimwa” Ijumaa kwa nia ya kurudishwa Jumatatu. Uingereza, uchambuzi wa data za benki za watu milioni 6.5 uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba kadiri matumizi ya kamari yanavyopanda ndivyo zinavyoongezeka mikopo isiyolipwa na akaunti kutolewa pesa kupita salio, na kwenye ngazi za juu kabisa hata vifo.

Ukatili wa nyumbani nao umo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta taarifa za wanaume kuwapiga wenza wao zikiongezeka kwa takriban 10% pale timu ya kandanda ya Kimarekani ya eneo hilo, iliyotarajiwa kushinda, inapofungwa. Na hapo takwimu zilikusanywa kabla kubeti kwa simu hakujaruhusiwa. Mshahara ulikuwa bado haujawekwa juu ya matokeo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungua mlango wa kubeti michezo Mei 2018, na wachumi waliofuatilia majimbo yaliyoruhusu kubeti kwa simu wameona kufilisika kwa watu binafsi kukipanda miaka michache baadaye.

Hoja ya kodi huletwa kila mjadala huu unapoanza. Kodi ipo, na ni fedha halisi. Lakini pesa iliyoliwa kwenye kubeti ingetumika mahali pengine, na huko nako ingelipiwa kodi. Kinachopaswa kuhesabiwa ni tofauti. Halafu ondoa gharama. Serikali ya Uingereza mwaka 2023 ilikadiria madhara ya kamari kwa England peke yake kuwa kati ya pauni bilioni 1.05 na 1.77 kwa mwaka, ikijumlisha matibabu, watu kukosa makazi, magereza na vifo vya kujiua. Mwenye mawazo ya kujiua kwa sababu ya madeni ya kamari asisubiri hatua yoyote ya makala haya: amwambie mtu aliye karibu naye leo na aende kituo cha afya. Deni lina njia za kupangiwa.

Kujifungia: taratibu zinavyokwenda

Chombo chenye nguvu kuliko vyote alivyo navyo mchezaji ni kujifungia kwa hiari, yaani kuomba rasmi uzuiwe kubeti kwa muda, na ndicho kinachotumika vibaya kuliko vyote. Kufuta programu kwenye simu si kujifungia. Kumwandikia wakala ujumbe wa “nifungieni” pia si kujifungia.

Anza kwa kuorodhesha kila akaunti, kila namba ya simu na kila barua pepe uliyowahi kusajilia. Toa salio lako kwanza. Mikeka iliyokwisha wekwa kwa kawaida inabaki hai mpaka mechi ziishe, kwa hiyo uliza kwa maandishi malipo yake yatatumwa wapi. Jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa sahihi. Mfumo unalinganisha taarifa hizo. Namba ya pili uliyoisahau ni mlango ulioachwa wazi. Penye rejesta ya taifa ya waliojifungia, itumie hiyo badala ya kwenda kampuni moja moja. Rejesta ya Uingereza inatoa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Ya Sweden inatoa mwezi 1, 3, 6 au muda usio na ukomo. Ukishachagua huwezi kufuta kabla ya muda, hata ukipiga simu ukilia, na usilaumu ofisa anayekukatalia. Ndivyo chombo kilivyokusudiwa.

Kisha nenda benki. Kadi zina msimbo wa aina ya mfanyabiashara, na wa kamari ni 7995. Benki nyingi zinaweza kuufunga ukiomba. Fahamu kwamba kizuizi hicho hakigusi pesa inayotumwa kwa mtandao wa simu au kwa mtu binafsi anayekubetia. Njia hizo inabidi zifungwe kwa namna nyingine: mshahara uingie akaunti ya mtu unayemwamini, au akaunti ya sahihi mbili. Ndugu wanaotaka kusaidia wasilipe madeni yote kwa mkupuo. Deni likifutwa siku moja, uwezo wa kukopa unarudi siku hiyo hiyo. Lipeni moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa shule, kwa umeme. Mikopo mingine ipangiwe ratiba na mkopeshaji.

Kubeti kwa akaunti ya mdogo wako baada ya kujifungia ni kosa la pande mbili. Kampuni ina haki ya kuzuia ushindi kwa sababu mwenye akaunti siye anayecheza, na aliyekuazima kitambulisho anaweza kuulizwa kuhusu udanganyifu. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Kampuni nayo ina wajibu, na adhabu zake si ndogo: onyo, faini, masharti mapya kwenye leseni, kusimamishwa, kufutwa. Mwaka 2023 msimamizi wa Uingereza aliyatoza makampuni ya kundi la William Hill pauni milioni 19.2. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni mteja mpya aliyeachwa atumie pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila ukaguzi wowote, na wateja 331 walioruhusiwa kubeti ingawa walikuwa wamejifungia kwenye chapa nyingine ya kundi hilo hilo.

Kesi ya wale 331 ndiyo ionyeshe malalamiko gani yana miguu. “Nimeliwa” hayana. Ushindi uliozuiwa bila sababu ya maandishi, akaunti iliyofunguliwa kwa mtoto, pesa iliyopokelewa kutoka kwa aliyejifungia, na bonasi iliyotumwa kwake, yote haya yanachunguzwa. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukitaja namba ya mkeka, tarehe na saa, na uhifadhi nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku uliyobeti, kwa maana hubadilika. Subiri muda uliowekwa na sheria. Uingereza ni wiki 8. Ukipita bila jibu la kuridhisha, jalada liende kwa msuluhishi au kwa msimamizi likiwa na majibizano yote. Na kama umejifungia lakini ujumbe wa “rudi, tumekuwekea bonasi” bado unaingia, usiufute kwa hasira. Upige picha tarehe na namba iliyoutuma zikionekana, kisha uweke na risiti ya kujifungia.