"Maziwa yako hayatoshi": dhana potofu kuhusu kunyonyesha

Dhana: Mtoto akinyonya na bado analia, maziwa hayatoshi.

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, na mara nyingi haianzi kwa mama bali kwa mgeni aliyekuja kumwona mtoto. Mtoto mchanga hulia kwa joto, gesi, usingizi, au kutaka kubebwa tu. Angalia nepi. Kuanzia siku ya tano, zikilowa sita au zaidi kwa saa 24 na uzito ukapanda, anashiba.

Sasa ile chupa "ya kumsaidia": mtoto ananywa, analala fofofo, titi halinyonywi. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa, na likiachwa limejaa hupunguza. Wiki chache baadaye maziwa yamepungua kweli, na yule mgeni anaonekana nabii.

Chuchu zikiuma au kupasuka, kwanza tazama mtoto anavyoshika. Mdomo upanuke, uchukue na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu.

Dhana: Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni maziwa machafu, yakamuliwe yamwagwe.

Ni machache na ya manjano, lakini yamejaa kinga, na tumbo la siku ya kwanza ni dogo mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja tangu azaliwe. Aliyejifungua kwa upasuaji huchelewa kwa urahisi, hasa asipopata muuguzi wa kumsogezea mtoto.

Dhana: Kukiwa na joto apewe maji kidogo.

Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Hayo ya kikombe hujaza tumbo bure na huweza kumletea kuhara. Dawa au ORS (maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara) aliyoandikiwa haihesabiki kama kumchanganyia vyakula vingine na maziwa ya mama.

Dhana: Anayeacha kunyonyesha maziwa yake pekee kabla ya miezi sita ni mvivu.

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi sita ni wiki 26. Hizo wiki 12 zinazobaki mama anakamua chooni kazini, kikombe mkono huu, mkono ule umeshikilia mlango usio na komeo. Maziwa hayo hukaa salama saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji. Kinachokosekana ni chumba kinachofungika na dakika ishirini ambazo msimamizi hatamnunia.