Mzani haujasogea, lakini sukari inashuka: mazoezi kwa aliye njiani kuelekea kisukari

Mtu mwenye uzito mkubwa akiambiwa sukari yake imeanza kupanda, ushauri wa kwanza anaopewa ni kupunguza kilo. Ushauri ni sahihi, tatizo ni kwamba humfanya autazame mzani peke yake. Akitembea mwezi mzima na mzani ukabaki palepale, anaona amejisumbua bure, anaacha. Anaacha wakati misuli yake imeshaanza kuitumia sukari vizuri zaidi kuliko mwezi uliopita.

Kwanza tuelewane kuhusu majibu ya maabara. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula na kuwa kati ya 5.6 na 6.9 mmol/L, kwa vigezo vya Chama cha Kisukari cha Marekani mtu huyo yuko katika hatua ya kabla ya kisukari. Shirika la Afya Duniani huanzia 6.1, ndiyo maana jibu lilelile linaweza kumtia mmoja wasiwasi na mwingine akaambiwa yuko salama. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, katika hatua hii huwa kati ya asilimia 5.7 na 6.4. Wengi hawasikii dalili yoyote, kwa hiyo bila kupima hutajua.

Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ambayo insulini, homoni inayotolewa na kongosho, huiondoa kwenye damu baada ya chakula. Mafuta yakijazana tumboni na kwenye ini, insulini hubisha hodi na misuli ikachelewa kufungua, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mazoezi hupitia mlango mwingine. Msuli unapofanya kazi, vibebeo vya sukari viitwavyo GLUT4 husogea hadi kwenye ukuta wa seli na kuingiza sukari bila kusubiri insulini. Njia hii hufanya kazi hata kwa mtu ambaye mwili wake umeanza kuwa mzito kuitikia insulini. Ukishapumzika, msuli huendelea kuvuta sukari ili kurudisha akiba iliyotumika, na kwa siku moja hadi mbili hivi huitikia insulini vizuri zaidi. Baada ya hapo nafuu hiyo hufifia, hata kama umepungua kilo.

Kwa hiyo, mpangilio wa siku ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lengo linalotajwa sana ni dakika 150 kwa wiki. Anayezimaliza zote Jumamosi kisha akakaa hadi Jumamosi nyingine, katikati ya wiki misuli yake imesharudi ilikokuwa. Nusu saa kwa siku tano inamfaa zaidi, na asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote.

Je, ni lazima kukimbia? Hapana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, walilinganisha watu wa hatua hii waliotembea kwa haraka na waliofanya mazoezi makali, makundi yote mawili yakitumia kiasi kilekile cha nishati. Uwezo wa mwili kushughulikia sukari uliimarika zaidi kwa waliotembea. Kwa mtu mzito mwenye magoti yanayolalamika, hii ni habari njema. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea sentensi nzima, ila usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza hatua.

Dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya kula zina faida yake ya pekee, kwa sababu zinakutana na sukari ya chakula wakati inapanda. Mlo wa jioni ndio ninaousisitiza, maana wengi hutoka mezani wakaenda kwenye kochi. Anayekaa ofisini kutwa naye asimame na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa.

Mazoezi ya nguvu yasiachwe. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Kisha kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kuanzia.

Ushahidi kwamba haya yanazuia kisukari ni wa muda mrefu. Huko Da Qing, China, utafiti ulioanza mwaka 1986 uliwafuatilia watu kwa miaka sita, na waliopewa mpango wa mazoezi peke yake walipunguza hatari kwa asilimia 46. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mpango wa lishe, dakika 150 za mazoezi na kupunguza uzito kwa asilimia 7 ulipunguza hatari kwa asilimia 58. Katika utafiti huohuo, metformin, dawa ya kushusha sukari, iliipunguza kwa asilimia 31.

Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo au ganzi miguuni aonane na daktari kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi isivyo kawaida ni amri ya kusimama na kutafuta msaada. Usishtuke ukipima mara tu baada ya mazoezi makali na kukuta sukari imepanda kidogo: ini limemwaga akiba yake, na itashuka.

Rudia HbA1c baada ya miezi mitatu. Mapema zaidi ya hapo jibu litakuwa bado limebeba siku za zamani. Likiwa halijashuka, nenda kwa daktari na orodha ya siku ulizofanya mazoezi na dakika zake. Akikuongezea dawa, usiache kutembea.